Umeme wa Jua, Betri, na Uniti Sabini na Tano

(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Mikopo siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu)



Sisi Kamati ya Mikopo tuliambiwa tuzungumze juu ya mafanikio. Mafanikio Mama Mwenyekiti ameshayasoma kwenye risala, na kayasoma vizuri, hatuna la kuongeza. Tumeomba ruhusa tuseme juu ya jambo moja tu, yaani mikopo ya sola. Ndiyo iliyotukosesha usingizi kuliko mikopo mingine yote, na ndani yake limo deni letu sisi kamati ambalo hatujalilipa mpaka leo.

Tuanze na uniti. Kila mwenye LUKU hapa Tanga anajua kwamba umeme hauna bei moja. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, ambazo ndizo tulizopigia hesabu zetu zote, nyumba ya matumizi madogo inalipa sh. 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti ya juu inakuwa sh. 350. Ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako unalipa sh. 292 tangu uniti ya kwanza. Hapo bado kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, ya umeme vijijini asilimia 3, na ya mdhibiti asilimia 1. Ukizijumlisha zote, ile sh. 100 inakuwa 122, na ile 292 inakuwa 356 na senti zake.

Sasa jamani sikilizeni vizuri hapa. Mama wa kundi la kwanza akitumia uniti 75 analipa sh. 9,150. Mama wa kundi la pili akitumia uniti 80 analipa kama sh. 28,500. Wamepishana uniti tano tu, lakini katika fedha wamepishana zaidi ya sh. 19,000. Hiyo ni hisa ya mtu ya mwezi mzima, na ada ya mtoto imo humo.

Wenzetu wa nchi nyingine bei yao hupanda kwa saa. Kule California, Marekani, nyumba nyingi hulipa bei ya juu kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku, kwa sababu saa hizo watu wanarudi makazini, jua linazama, na kila mtu anawasha chake. Hata jirani zetu wa Kenya, tangu Desemba 2017 wenye viwanda na biashara kubwa waliwekewa bei ya usiku, saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kwa karibu nusu. Kwa hiyo mwenye betri huko huijaza umeme ukiwa rahisi, akautumia umeme ukiwa ghali. Sisi akina mama wa LUKU bei yetu haiangalii saa, inaangalia uniti. Saa 7 mchana au saa 2 usiku, uniti ni uniti. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kosa letu lilianzia hapo hapo: tulichukua maarifa ya watu wa saa tukayaleta kwa watu wa uniti.

Ikawaje? Mwaka 2021 wanachama sita walikopa mafriza. Biashara mnaijua: barafu za ukwaju na ubuyu, maji ya kandoro, na samaki wa kulaza. Biashara ilikuwa nzuri. Lakini friza kwa joto la hapa kwetu, kwa vipimo tulivyochukua wenyewe, linakula kama uniti moja na nusu kwa siku. Mwezi mzima ni 45. Zimebaki 30 za taa, feni, televisheni na pasi. Basi haikupita miezi mitatu wote sita walikuwa wamevuka 75, na faida ya barafu ikawa inaishia kwenye LUKU. Mtu anafanya kazi tangu alfajiri, na mwisho wa mwezi hana kitu mkononi.

Ndipo sisi kamati tukasema, dawa ni sola. Tukaenda mjini, tukanunua kwa jumla ili tupunguziwe bei: paneli za wati 150, vigeuza umeme, na betri za gari za ampea 100. Muuzaji alituambia betri ni betri. Tukaamini. Tukawagawia wale sita kwa mkopo, na tukawapa amri, ndiyo, amri, na imeandikwa kwenye daftari la mihutasari: maghribi ikiingia, chomoa friza kwenye LUKU, chomeka kwenye betri mpaka asubuhi. Tulikuwa tumesikia kwamba wenye akili wanatumia betri jioni.

Hesabu yenyewe hatukuipiga. Tuipige leo, haina gharama. Betri ya volti 12 na ampea 100 inabeba uniti moja na robo kasoro kidogo. Lakini betri ya risasi na asidi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, ukitaka ikae. Iliyobaki ni kama uniti 0.6. Friza peke yake usiku linataka uniti 0.75, na kigeuza umeme nacho kina ushuru wake. Kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunaikausha. Paneli ya wati 150 kwa siku ya jua zuri inarudisha nusu uniti hivi, kwa hiyo hata siku nzuri betri ilikuwa haijai. Tena betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, gari liwake, basi. Kuitumia usiku kucha ni kumpa mpiga mbio mzigo wa hamali.

Betri ya kwanza kufa ilikuwa ya mwenzetu yule aliyefuata amri yetu kuliko wote. Wale waliokuwa wanadanganya, wanaacha friza kwenye LUKU usiku na kutuambia wametumia betri, zao zilidumu. Yeye ya kwake haikumaliza miezi minane. Akarudi kwenye LUKU huku ana mkopo wa friza na mkopo wa sola. Akakosa marejesho mara tatu. Tulimwita kikaoni. Alisema, betri imekufa, si mimi. Nasi tukamwambia hajui kutunza vitu. Kisha tukaenda kwake na mkokoteni tukalichukua friza, mchana kweupe, majirani wanatazama.

Katiba ilituruhusu, lakini hatukuwa na haki.

Tulikuja kufahamu wakati wa mgao, mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji haujaanza kutoa umeme Februari 2024. Betri zote sita wakati huo zilikuwa zimekufa, hata za wale wajanja. Kijana mmoja fundi, mtoto wa hapa hapa mtaani, alizipima moja moja, akatuuliza nani aliyezichagua. Tukanyamaza. Alitupigia hesabu hii tuliyowapigia leo, kwa chaki, kwenye ukuta wa ofisi yetu. Mpaka sasa haijafutwa, mgeni rasmi akipenda ataiona.

Friza tulilirudisha na riba tukaifuta. Lakini tulifanya hivyo kimya kimya, jioni, kama wezi. Kuchukua tulichukua mbele za watu, na samahani tukaitoa gizani. Leo mbele ya mgeni rasmi na mbele ya majirani wale wale, tunasema: dada yetu, betri hukuiua wewe, tuliiua sisi. Utuwie radhi.

(Hapa palikuwa na vigelegele, na mazungumzo yalisimama kwa muda.)

Sasa tueleze tunavyofanya siku hizi, maana wapo wanaotaka kukopa mwezi ujao na wamekaa hapa wanasubiri.

Kwanza, jua litumike jua likiwapo. Tumegeuza amri. Friza linakaa kwenye sola mchana, kwa paneli mbili za wati 300, na usiku linachomolewa kabisa. Tunajua mtauliza samaki. Pembeni mwa friza tunapanga chupa za maji ya chumvi. Yanaganda mchana kwa umeme wa bure, na usiku yanalinda baridi. Lita kumi za maji yaliyoganda, mpaka zije kuyeyuka zote, zinameza joto la karibu uniti moja. Ukitia chumvi, yanaganda kwa baridi kali zaidi ya barafu ya kawaida, ndiyo maana samaki hawalegei. Masharti ni mfuniko usifunguliwe ovyo. Anayetaka barafu saa 4 usiku aambiwe arudi kesho! Hiyo ndiyo betri yetu kubwa, na chumvi haikopwi.

Betri yenyewe imebaki kwa taa, feni, redio, simu na televisheni. Tangu mwaka 2024 tunakopesha zile za lithiamu za chuma na fosfati. Bei yake ni kubwa, hatufichi, na ndiyo maana tumerefusha marejesho. Lakini ampea 100 zake unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, uniti moja nzima. Ila isichajiwe kwa chaja ya betri ya gari, na kidhibiti chaji kipangwe kwa aina hiyo ya betri. Mwenye betri ya asidi aiweke penye hewa, kwani ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Tunasema hivi kwa sababu yupo mama aliyeiweka uvunguni mwa kitanda cha watoto kwa kuogopa wezi. Mashoga, heri mwizi.

Paneli isipigwe na kivuli cha mnazi. Kuti moja tu likikatiza juu yake, umeme unashuka mno. Ioshwe asubuhi ingali baridi, maana chumvi ya bahari na vumbi vinaganda pale juu.

Na pasi. Pasi ya wati 1,000 nusu saa ni nusu uniti. Sare za shule zipigwe pasi mara moja kwa wiki, zote pamoja.

Halafu lipo daftari. Uniti 75 ukizigawa kwa siku 30 ni mbili na nusu kwa siku. Kila Ijumaa mwanachama anasoma LUKU na kuandika. Aliyezidi 37 kabla ya nusu ya mwezi anakuja kwetu tunatazama pamoja nini kimekula. Hatumtozi faini. Zamani tungemtoza.

Hatusemi mambo yote yamekaa sawa. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, nasi tunataka kuacha mkaa, vifua vyetu vimechoka. Wenzetu wawili wamenunua majiko ya presha ya umeme, wanasifu maharage yanaiva upesi na kwa umeme kidogo. Lakini kila chungu kinaingia ndani ya zile 75, na jiko hilo linavuta wati elfu moja, kigeuza umeme chetu kidogo kinazima. Hapo bado tunagombana kwenye kamati. Wengine wanasema wapike mchana kwa sola yenye kigeuza kikubwa, wengine wanasema mwanamke wa sokoni mchana yuko sokoni, apike saa ngapi? Mgeni rasmi, ombi letu ni hilo moja: tupatieni fundi wa kukaa nasi siku mbili, atupigie hesabu ya jiko kabla hatujakopesha hata moja. Fedha tutatafuta wenyewe.

Tumemaliza. Barafu zipo kwenye friza nyuma ya ukumbi, ni za yule dada yetu, sh. 200 moja, na leo hata kamati inalipa.