Timu Iliyofunga Mlango: Habari za Kriketi ya Yorkshire

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kriketi, jimbo, mzaliwa. Tutayakuta mara nyingi katika mazungumzo ya leo.

Leo nitawaeleza habari za timu moja ya Uingereza, timu ya kriketi ya jimbo la Yorkshire. Kwa miaka mingi sana timu hii ilikuwa na sharti moja: mtu asiyezaliwa ndani ya mipaka ya jimbo hawezi kulichezea jimbo. Tutaona sharti hilo liliwafaa nini, na mwishowe liliwagharimu nini.

Kwanza, kriketi ni mchezo gani? Timu ni mbili, na kila timu ina watu kumi na mmoja. Uwanjani husimikwa vijiti vitatu, navyo huitwa wiketi. Mtu mmoja hurusha mpira mgumu, akijaribu kuviangusha vijiti hivyo. Mtu wa timu ya pili husimama mbele yake na gongo la mbao, akivilinda. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye hukimbia mpaka upande wa pili, na timu yake hupata alama. Alama hizo huitwa mikimbio. Mchezo wa majimbo hauishi jioni moja. Siku hizi huchukua siku nne, na wachezaji hupumzika kwa chakula na kwa chai.

Mashindano ya majimbo yalianza rasmi katika mwaka wa 1890. Leo majimbo yanayoshindana ni 18. Katika hayo yote, Yorkshire ndiyo iliyotwaa ushindi mara nyingi kupita wengine: mara 32 peke yake, na mara moja, mwaka 1949, kwa kugawana na jimbo jingine.

Yorkshire iko upande wa kaskazini. Chama chake cha kriketi kiliundwa katika mji wa Sheffield mwaka 1863, na sasa uwanja wake mkubwa ni Headingley, katika mji wa Leeds. Alama yake ni ua la waridi jeupe. Zamani watu wengi wa huko walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe, au wafanyakazi wa viwanda vya nguo za sufu. Kijana aliyecheza vizuri kijijini kwake alitumaini siku moja kuvaa kofia ya jimbo lake. Fred Trueman, mathalani, alikuwa mtoto wa mchimbaji wa makaa. Mwaka 1964 akawa mtu wa kwanza duniani kupata wiketi 300 katika michezo mikubwa ya mataifa.

Basi, watu wa Yorkshire walijivunia sana sharti lao. Walisema, “Sisi hatununui wachezaji. Sisi twawazaa.” Husimuliwa kwamba mwanamke mwenye mimba akiwa nje ya jimbo, mumewe alifanya haraka kumrudisha nyumbani kabla ya kujifungua, ili mtoto akiwa wa kiume asije akakosa kucheza. Sisi nasi twajua habari ya mwanamke kwenda kwao kujifungua. Lakini sisi twafanya hivyo ili mama atunzwe. Wao walifanya kwa ajili ya kriketi!

Walakini sharti hilo halikushikwa sawasawa kwa kila mtu. Lord Hawke, bwana mkubwa aliyekuwa kapteni wa timu tangu mwaka 1883 hata 1910, hakuzaliwa Yorkshire. Alizaliwa katika jimbo la jirani la Lincolnshire. Angalieni hapo, ndugu zangu. Mlango uliofungwa kwa wengi, huenda una ufunguo kwa mkubwa.

Kwa muda mrefu sharti hilo halikuwadhuru. Kati ya mwaka 1959 na mwaka 1968 Yorkshire ilishinda mashindano mara saba. Lakini mwaka huo huo wa 1968 mambo yakabadilika. Kila jimbo liliruhusiwa kumchukua mchezaji kutoka nchi za nje, naye akacheza mara moja bila kungojea kukaa nchini kwanza. Nottinghamshire wakamchukua Garfield Sobers wa Barbados. Mwezi wa Agosti mwaka ule, katika mji wa Swansea, Sobers aliipiga mipira sita, mmoja baada ya mmoja, na yote sita ikavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini. Jambo hilo halikuwa limepata kuonekana katika michezo ya daraja la juu.

Yorkshire walikataa kumchukua mgeni yeyote. Je, nini kilitokea? Baada ya ushindi wa 1968 hawakuchukua tena ubingwa kwa muda wa miaka 33. Sababu haikuwa moja tu; hata wao kwa wao waligombana sana. Lakini kila mwaka walishindana na majimbo yenye mabingwa wa dunia, hali wao wamejifungia ndani.

Mwishowe walilegeza sharti. Mwaka 1992 wakamchukua mgeni wao wa kwanza, kijana wa Kihindi wa miaka 19, jina lake Sachin Tendulkar. Mwaka ule alifunga mikimbio 1,070 katika michezo 16. Na mwaka 2001 ndipo Yorkshire ilipotwaa ubingwa tena, ikiwa na Darren Lehmann kutoka Australia. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, hadithi imekwisha? Bado. Sikilizeni jambo jingine, nalo ndilo kubwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi kutoka Pakistani na India walikwenda Yorkshire kufanya kazi katika viwanda vya sufu, hasa katika mji wa Bradford. Watu hao walipenda kriketi kama wanavyoipenda wenyeji. Wakazaa watoto huko huko. Sasa fikirini. Sharti lilisema, “aliyezaliwa hapa.” Watoto hawa walizaliwa pale. Kwa sharti lile lile, wao walikuwa wenyeji kamili. Lakini mtoto wa kwanza wa jamii hiyo, aliyezaliwa Yorkshire, kuichezea timu kubwa ya jimbo alikuwa Ajmal Shahzad, naye alicheza mara ya kwanza mwaka 2004. Miaka mingi ilipita, na vijana wengi wakazeeka wakicheza katika viwanja vya mitaani tu.

Baada yake akaja Adil Rashid, mzaliwa wa Bradford. Mwaka 2006, katika mchezo wake wa kwanza mkubwa, alipata wiketi sita katika zamu moja. Mwaka 2019 alikuwa katika timu ya England iliyotwaa kombe la dunia.

Hata hivyo, kuingia mlangoni si sawa na kukaribishwa. Mchezaji mwingine, Azeem Rafiq, aliyezaliwa Karachi na kukulia Yorkshire, alisema waziwazi kwamba alidharauliwa kwa ajili ya asili yake. Mwaka 2021 alilieleza jambo hilo mbele ya kamati ya Bunge. Chama cha Yorkshire kilikiri makosa, na mwaka 2023 kikatozwa faini na kupunguziwa alama 48 katika mashindano ya majimbo.

Basi tujifunze nini? Kupenda kwenu si kosa. Sharti la Yorkshire liliwapa vijana wa vijijini tumaini na bidii. Kosa ni kumtazama mtu aliyezaliwa pamoja nawe, ukamwona mgeni.

Sasa maswali. Chukueni daftari na kalamu.

1. Sharti la zamani la timu ya Yorkshire lilikuwa lipi?
2. Lord Hawke alizaliwa jimbo gani?
3. Kutoka mwaka 1968 hata mwaka 2001 ni miaka mingapi? Fanyeni hesabu wenyewe.
4. Jadilianeni darasani: katika kijiji chenu au mtaa wenu, mtu huhesabiwa kuwa mwenyeji kwa sababu gani? Je, yuko aliyezaliwa hapo ambaye bado huitwa mgeni?

Swali la nne halina jibu moja. Kila mtu na aandike mistari mitatu, kisha awasomee wenzake kwa sauti. Kwaherini, mpaka somo lijalo.