Hotuba ya Mwenyekiti: Tusiwatoe Tena Watoto Wetu



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu, na watu wakasema wanawake hawa watagombana kabla ya mavuno. Hatukugombana. Hesabu zetu mtazisoma ndani ya kijitabu hiki. Leo tunataka kusema jambo ambalo tulikosea.

Mwaka wetu wa pili mahindi yalikauka. Akaja mama mmoja, amevaa vizuri, akasema anatafuta mahausigeli wa kupeleka mjini. Mshahara mzuri, na mtoto atafundishwa cherehani. Mwenzetu akamtoa binti yake wa miaka 13. Sisi tulimsindikiza mpaka stendi, tena kwa vigelegele. Hakuna aliyeuliza anakwenda nyumba ya nani. Baada ya miezi 10 alirudi mjamzito, hana hata senti. Mwenye nyumba alimfanyia ukatili ambao hatuwezi kuusimulia mbele ya watoto waliokaa hapa.

Jamani, sisi tulipaswa kujua. Katika njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo. Walipanda majahazi kwa hiari yao, wakajikuta wameuzwa utumwani Somalia. Vita vya huko vilipowafukuza wajukuu zao miaka ya 1990, baadhi walirudi kwetu Handeni, na leo ni majirani zetu pale Chogo. Walirudi bado wanasema Kizigua. Njaa ni ile ile, na maneno matamu ni yale yale. Kilichobadilika ni chombo tu, siku hizi ni basi.

Hatusemi kazi ya ndani ni aibu. Mtu mzima akienda kwa hiari yake, akajua mshahara wake na mahali anapokwenda, ni haki yake. Lakini sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haikubali mtu ajitetee kwamba mzazi aliridhia.

Basi tulikaa kikao tukapitisha mambo matatu. Kwanza, mwanachama hatoi mtoto. Pili, mwaka wa njaa mfuko wa jamii unakopesha mahindi bila riba, na unanunua sare na madaftari. Maana ada ilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare bado ni ya mzazi. Tatu, mgeni anayetafuta wasichana tunampeleka kwa mtendaji kwanza. Tukiwa na mashaka tunakwenda dawati la jinsia na watoto polisi, au tunapiga simu 116, ni bure.

Ndugu wafadhili, mkituchangia, msiulize tumepata faida kiasi gani tu. Ulizeni pia ni watoto wangapi wako darasani.

Binti yule leo ana cherehani yake, na mwanawe anasoma. Cherehani ile ilitoka kwenye sanduku letu hili hapa. Yule mama hatukumwona tena.