Abiria Aliyechelewa na Mzigo Wake
(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara na wafanyakazi wa huduma za kiwanja cha ndege)





Nimetakiwa nizungumze nanyi kuhusu mahala abiria wanapopokelea mizigo, na hasa abiria ambaye ndege yake imechelewa. Mtu huyu amekosa usingizi, pengine amekosa na boti ya Pemba, na jamaa zake wako nje tangu alasiri. Anapofika penye mkanda wa mizigo, subira yake imekwisha kabla hajaanza kungoja.

Kipo kisa kinachosimuliwa sana cha kiwanja cha ndege cha Houston, Marekani. Abiria walilalamika kwamba mizigo inachelewa. Wakuu wakaongeza wapakuzi, muda ukapungua hadi dakika 8, na malalamiko yakabaki pale pale. Walipochunguza waliona abiria hutembea dakika 1 tu, kisha husimama mkandani dakika 7. Basi wakazihamishia ndege milango ya mbali, hata mwendo ukawa mrefu mara 6. Malalamiko yakakaribia kwisha.

Wako wanaokisifu kisa hiki. Mimi nakikubali nusu. Ni kweli kwamba kungoja bila ya kujua kunachosha zaidi. Lakini kumzungusha bibi kizee anayetoka kutibiwa India, miguu imevimba kwa safari, ili asipate wasaa wa kulalamika, huko si kumhudumia. Yeye ahitaji kiti karibu na mkanda, maji, na mtu wa kumwambia kweli.

Na kweli hiyo yaweza kujulikana. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA yanatakiwa kuufuatilia kila mzigo unapopokelewa, unapopakiwa, unapohamishwa na unaporejeshwa kwa mwenyewe. Hivyo huweza kufahamika, ndege ingali angani, kwamba abiria ameiwahi ndege ya pili lakini sanduku lake halikuwahi. Kwa nini basi aachwe autazame mkanda mpaka uzimwe? Aitwe mapema, pembeni na kwa upole, wala si kwa kipaza sauti. Na la kwanza la kumuuliza ni kama dawa zake zimo katika sanduku hilo.

Ndugu wananchi, msione haya kudai, wala msiseme "nitarudi kesho." Taarifa iandikwe kabla hamjatoka nje. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeuridhia, unataka malalamiko ya maandishi: siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa uliochelewa. Usipofika kabisa katika siku 21, abiria anayo haki ya kuudai kama uliopotea. Kile kipande cha lebo chenye tarakimu 10, ambacho wengi hukitupa, ndicho ushahidi wenu.

Kwa wenzangu wa mezani nina ombi moja. Fomu huuliza hoteli na nambari ya nyumba. Mkaazi wa Makunduchi au Micheweni hana hivyo viwili, na sanduku lake likifika halijui liende wapi. Mwandikieni shehia, jina la sheha na simu ya jirani, kisha msomeeni kwa Kiswahili mliyoyaandika kabla hajatia saini.