Wimbo Unaotusema Tusiufungie Mlango

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Shishiyu)



Mmenitaka nizungumze juu ya muziki na siasa. Naomba nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Hapa Shishiyu, kama penginepo Usukumani, mavuno yakiisha ngoma hutoka. Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, na ushindi ni wa ningi aliyevuta watu wengi zaidi. Ili awavute, huwaimbia mambo yao wenyewe: uvivu, uchoyo, bei ya pamba, na mwenendo wa wenye madaraka. Jua likitua watu hutawanyika, na wimbo ule hubaki katika kumbukumbu za waliokuwapo tu.

Sasa tumtazame mtu aliyeifanya kazi hiyohiyo mjini, kwa magitaa. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kupigia Orchestra Makassy, na baadaye akaiongoza Super Matimila. Aliimba habari za kifo, umaskini na haki ya mnyonge. Hakuwa na cheo wala elimu kubwa ya darasani, lakini wakazi wa mitaa ya mabanda walimwita Daktari.

Siku hizo bendi zetu zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania. Wanamuziki wote walipiga kwa pamoja katika chumba kimoja. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Hapakuwa na kiwanda cha santuri nchini, hivyo santuri zilifyatuliwa Nairobi. Mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa santuri ya Super Matimila iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Tazameni ajabu hiyo: wimbo wa maskini wa Dar es Salaam ukauzwa kwa fedha za kigeni, na maskini mwenyewe akaendelea kuusikia ukumbini na katika kaseti.

Mwaka uliofuata, 1990, Remmy alitoa wimbo Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu kutumia kondomu. Ukimwi ulikuwa umetambuliwa nchini tangu mwaka 1983, mkoani Kagera, na ulikuwa umekwisha kuzika wengi. Hata hivyo, Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, kwa kuwa maneno yake yalionekana kuvuka mpaka wa adabu. Sitaki kuwadharau waliofanya uamuzi huo. Adabu ni kitu cha thamani, na redio husikilizwa na baba, mama na watoto wakiwa wamekaa pamoja. Lakini ni lazima tuulize: kati ya aibu ya kusikia neno na hasara ya kutolisikia, ipi ilikuwa kubwa? Leo mabango ya afya yanasema waziwazi yale aliyoyasema Remmy, aliyefariki mwezi Desemba 2010. Wimbo ule haukufa, kwa sababu watu waliubeba wenyewe kutoka ukumbini hadi majumbani.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye somo letu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno na dharau ya viongozi kwa wananchi. Kiongozi asiyetaka kuimbwa vibaya amekwisha kuanza kuingiwa na majivuno hayo. Nasi waandishi wa Chama hatuna budi kujikosoa: kalamu zetu ni nyepesi kuuandika wimbo unaotusifu, na nzito kuuandika unaotusema. Tukiendelea hivyo, wajukuu wetu watarithi sifa tupu, nao watadhani kwamba babu zao hawakuwa na akili ya kuona kasoro.

Kwa hiyo nawaachia kazi. Mwalimu mwenye simu leo ana chombo cha kurekodia mkononi. Ngoma zitakapotoka, mwombeni ningi ruhusa, mrekodi wimbo pale pale uwanjani, pamoja na vicheko na vigelegele vya watu. Uandikeni kwa Kisukuma, kisha maana yake kwa Kiswahili. Wekeni jina la mtunzi, mahali na mwaka. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine apewe mtunzi mwenyewe, maana jasho ni lake.

Na ukikuta ubeti unaomtaja ofisa wa kata, au mwalimu mkuu, au mwandishi wa gazeti kama mimi, usiufute. Uandike kwanza. Kisha tukae sisi tuliotajwa, tuusome polepole, tuulizane kama aliyeimba amesema kweli.