Bweni Linaloitwa Ujamaa

  Aliye na Biblia karibu na aifungue Matendo ya Mitume, sura ya 6, aweke kidole hapo. Tutafika.

Kwanza nataka kuwapeleka mbali, mpaka mji wa Ithaca katika jimbo la New York, Marekani. Huko kuna chuo kikuu kiitwacho Cornell, na katika chuo hicho kuna bweni ambalo jina lake mtalisoma bila kufundishwa na mtu. Linaitwa Ujamaa. Naam, ujamaa huu huu wetu. Lilifunguliwa mwaka 1972. Na katika Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, kuna nyumba ya wanafunzi iitwayo Harambee. Vijana Weusi wa huko walikuwa wakitafuta neno la Kiafrika la kuandika mlangoni. Mababu wa wengi wao walichukuliwa kwa minyororo kutoka pande za magharibi za bara hili, na lugha zao zikapotelea baharini. Basi wakaja kuazima kwetu.

Kwa nini watake bweni lao? Tusikimbilie kuwahukumu. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili, 1969, msalaba uliowashwa moto uliwekwa mbele ya nyumba walimolala wasichana Weusi wa chuo hicho cha Cornell. Kwa Wamarekani Weusi maana ya moto ule haikuhitaji kuelezwa. Ndivyo walivyotishwa na wabaguzi kwa miaka mingi. Fikirini, ndugu zangu. Msalaba, ule tunaouweka juu ya Meza ya Bwana, umegeuzwa kuwa kitisho kwa mabinti waliolala! Kesho yake wanafunzi Weusi wakaliteka jengo kubwa la wanafunzi, wakakaa humo siku moja na nusu, na walipotoka baadhi yao walikuwa na bunduki mikononi. Mimi sisifu bunduki. Lakini mzazi yeyote anayenisikia anaweza kujua kwa nini binti aliyeamshwa na moto ule angetaka kulala penye watu ambao hahitaji kuwaeleza hofu yake.

Hata hivyo, si watu Weusi wote waliokubali. Palikuwa na mtaalamu mmoja wa mambo ya nafsi, Dakta Kenneth Clark, naye ni Mweusi. Yeye na mkewe Mamie walichunguza watoto kwa kutumia wanasesere, wakaonyesha jinsi ubaguzi unavyomfanya mtoto ajidharau. Uchunguzi huo ulitajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954, ilipoamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1969 Dakta Clark alikuwa katika baraza la chuo kimoja cha Ohio kiitwacho Antioch, yaani Antiokia, jina la ule mji wa Matendo ya Mitume. Chuo hicho kikakubali kuwa na mafunzo ya wanafunzi Weusi ambayo Wazungu hawakuruhusiwa kuingia. Dakta Clark akajiuzulu. Maisha yake yote alikuwa ameupiga nyundo ukuta ule, na sasa akauona unajengwa upya kwa mikono ya watoto aliowapigania.

Ni nani aliyekuwa na haki, yule binti au yule mzee? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Mama mmoja wa hapa kwetu alinijia baada ya ibada, bintiye ameingia chuo kikuu mwaka wa kwanza. Amejiunga na chama cha wanafunzi wa kutoka kwao. Wanakutana Jumapili jioni, wanazungumza lugha ya nyumbani, wanachangiana nauli wakati wa kufunga chuo. Mama akaniuliza, "Mchungaji, huu si ukabila? Nimwambie atoke?"

Sasa tusome ile sura ya 6. Kanisa lilikuwa changa pale Yerusalemu, na Wayahudi waliosema Kiyunani wakanung'unika kwa sababu wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika chakula cha kila siku. Hilo ni kundi la watu wa lugha moja, ndani ya Kanisa, linalonung'unika! Mitume wangeweza kusema, "Acheni ukabila, sisi sote ni wamoja katika Kristo." Yangekuwa maneno ya kweli, na yangetumiwa kuwafunga midomo wenye njaa. Nasi viongozi wa Kanisa tunayapenda sana maneno hayo, hasa tunapokuwa wa upande ulioshiba.

Mitume hawakusema hivyo. Waliita mkutano, wakataka watu saba wachaguliwe. Tazameni majina yao katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni majina ya Kiyunani. Walioumia wakakabidhiwa ghala. Lakini hawakukabidhiwa ghala la wajane wao tu. Walipewa meza nzima, wawahudumie na wajane wa wale waliokuwa wamewasahau. Na mkiendelea mpaka sura ya 8 mtamwona Filipo, mmoja wa wale saba, yuko Samaria kwa watu ambao Wayahudi hawakushirikiana nao. Kisha yuko njiani kuelekea Gaza, amepanda garini pamoja na Mwafrika kutoka Kushi. Kundi dogo lililonung'unika jikoni ndilo lililotoa mtu wa kwenda mbali hivyo.

Kwa hiyo, mama, swali la kwanza si kama chama cha binti yako kina lugha moja. Uliza, ni nani anayeumia humo, na anatibiwa ili afanye nini baadaye. Mtoto aliyetoka Marsabit au Lamu, ambaye darasani hakuna mwingine anayesema lugha yake, ambaye matamshi yake yanachekwa kwenye foleni ya chakula, huyo akiwapata watu sita wa kwao katika bweni, amepata shuka wakati wa baridi. Msimnyang'anye. Mwanafunzi akifiwa na baba katikati ya mitihani, mara nyingi ni chama hicho kinachojua mapema na kuchanga nauli kabla ofisi ya chuo haijafunguliwa.

Lakini njoo wiki ya uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Chama kile kile kilichopika chai kinageuka kuwa hesabu ya kura. Wakubwa kutoka nje wanatuma fedha na fulana. Kijana anaambiwa, "Huyu ni wetu," basi imekwisha. Haulizwi kama huyo wetu ni mwizi. Mwaka 2016 Bunge letu liliibadilisha sheria ya vyuo vikuu, wanafunzi wawachague wajumbe kwanza, na wajumbe ndio wawachague viongozi. Sheria ni jambo jema, lakini haiingii chumbani bwenini saa nne usiku wakati majina yanapogawanywa. Na Wakenya tunajua mahali mazungumzo kama hayo yanapofika. Tulipaona mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008.

Hapo ndipo ninapokubaliana na yule mzee Clark. Kundi la wachache waliojeruhiwa si sawa na kundi la wengi wanaolinda kiti, hata kama yote mawili yanaimba nyimbo za nyumbani. Nami nakubaliana na yule binti pia, kwa sababu aliyemtisha hakumuuliza kama anapenda umoja.

Yako mambo ya kutazama. Bweni la Ujamaa la Cornell halifungwi kwa rangi. Mwanafunzi yeyote aweza kuomba kukaa humo. Mwaka 1991 chuo hicho hicho kilifungua nyumba nyingine, ya wanafunzi wa asili ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa kwanza wa Marekani. Inaitwa Akwe:kon, neno la lugha ya Wamohawk, na maana yake ni "sisi sote". Humo wanakaa na wasio wa asili hiyo. Vyama vya watoto wetu je, mgeni akibisha hodi Jumapili jioni, watabadili lugha ili asikie? Au watanyamaza wote mpaka aondoke?

Binti yako muulize hayo, mama, wala usimwambie atoke. Muulize pia anakula chakula cha mchana na nani. Kama Jumapili yuko na watu wa kwao na siku nyingine sita yuko na watu wa mataifa yote, mwache, atakomaa. Na kama katika Umoja wa Wakristo chuoni hapo wote wanaokaa mstari wa mbele wanatoka wilaya moja, basi aanzie huko kuuliza, maana ubaguzi uliobatizwa ni mgumu kuutoa.

Antiokia ya Matendo, sura ya 13, walimu wake wanatajwa kwa majina: Barnaba, Simeoni aliyeitwa Mweusi, Lukio wa Kirene huko Afrika ya kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Baadhi yao wanaandikwa pamoja na walikotoka au walivyoitwa. Hakuna aliyeambiwa ajifiche. Nao walifunga na kuomba pamoja, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli.

Tuombe. Bwana, mtazame mwanafunzi aliyelala usiku huu katika chumba cha watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina lake. Umpelekee mtu, awe wa kwao au awe mgeni. Na chama kinachokutana jioni hii, ukipe nafasi ya kiti kimoja zaidi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.