Sarafu za Televisheni na Mizani ya Zaka



 

Katika mwezi huu kila mtu analalamikia bei: bei ya tende, bei ya unga, bei ya nguo za Idi. Mimi nataka tuzungumzie biashara ambayo watu hawailalamikii, kwa sababu anayepunjwa hajui kama amepunjwa mpaka miaka imepita. Ni biashara ya kuuza sarafu za ukumbusho kwenye televisheni. Iko mbali, huko Marekani, lakini mkono wake ni mrefu. Wengi wetu tuna kaka, shangazi au binamu kule. Mtu anakuja likizo na kikasha cha mahameli, ndani mna sarafu inang'aa, anampa mama: "Iweke hii, ni akiba, baada ya miaka kumi itakuwa mali." Je, ni akiba kweli?

Biashara yenyewe inavyokwenda

Kuuza vitu namna hii kulianza Florida mwaka 1982, na kituo cha HSN kikaenea Marekani nzima mwaka 1985. Mwaka 1986 kikaja QVC. Sasa tazama: Joseph Segel aliyeanzisha QVC ndiye yule yule aliyeanzisha, mwaka 1964, kampuni ya medali na vitu vya ukumbusho iliyokuja kujulikana kama Franklin Mint. Na mwaka 1978 kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kilikuwa kimeshaonyesha jinsi watu walionunua vitu vya kampuni hiyo kama akiba walivyotaabika kupata bei waliyolipa. Kwa hiyo televisheni na sarafu za ukumbusho ni jamaa wa siku nyingi.

Mtindo wa vipindi hivi haubadiliki sana. Muuzaji ana ulimi mtamu. Pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma, na hesabu ya sarafu zilizobakia. Bei ya "kawaida" imepigwa mstari, chini yake bei ya leo tu. Mteja anapiga simu, anamwaga sifa. Wewe uko kwenye kochi, moyo unadunda, unaona bahati inakupita. Huna nafasi ya kuuliza, huna nafasi ya kwenda duka la pili kulinganisha.

Ndugu yangu, bei ya sarafu ina mafungu matatu: madini, uhaba na maneno. Tuyapime moja moja.

Madini

Serikali ya Marekani tangu mwaka 1986 inatengeneza sarafu ya fedha iitwayo Silver Eagle. Ina wakia moja ya fedha safi, yaani gramu 31.1. Hii ni sarafu ya halali, haina udanganyifu ndani yake. Lakini tuchukue mfano. Siku ambayo wakia ya fedha ni dola 20 sokoni, muuzaji wa televisheni anaitia kwenye kasha zuri na hati, anaiuza dola 90. Ili urudishe hela zako kwa madini peke yake, lazima fedha ipande mara nne na nusu. Hapo hujapata faida hata senti, umerudi pale ulipoanzia tu.

Za kuchovywa ndizo mbaya zaidi. Unaambiwa "imefunikwa dhahabu safi ya karati 24, miligramu 31". Maneno ni ya kweli, lakini fanya hesabu. Miligramu 31 ni sehemu moja katika elfu moja ya wakia. Wakia ya dhahabu ikiwa dola 2,000, basi juu ya sarafu hiyo kuna dhahabu ya dola mbili. Hata sonara wako hatahangaika kuikwangua.

Uhaba

Hapa wengi hudhani kitu chenye tarehe ya zamani, au kinachoitwa "toleo maalum", ni adimu. Sivyo. Kati ya mwaka 1999 na 2008 Marekani ilitoa sarafu za senti 25 za majimbo yake 50, na zilizotengenezwa zote ni zaidi ya bilioni 34. Hizo hizo zikachovywa dhahabu au kutiwa rangi na wafanyabiashara, zikauzwa kwa seti. Mkusanyaji wa sarafu anayeijua kazi yake huiona sarafu kama hiyo imeharibiwa.

Na babu zetu wa pwani waliijua reale ya Maria Theresa. Tarehe yake ni 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria. Lakini sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ile ile miaka na miaka, katika miji mbali mbali. Tarehe ni 1780, umri unaweza kuwa wa juzi.

Uhaba wa kweli upo. Wajerumani walitengeneza Tabora mwaka 1916 sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, nazo zilikuwa kama elfu 16 tu. Hiyo watu wanaitafuta dunia nzima. Lakini sarafu mpya iliyotoka kiwandani mwaka huu, ikatiwa ndani ya plastiki na kupewa alama 69 au 70 juu ya 70, si tembo wa Tabora. Sarafu mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa safi namna hiyo. Ni sawa na kumsifu mtoto mchanga kwamba hana mvi!

Maneno

Fungu la tatu ndilo linalouzwa hasa. Mwaka 2004 kampuni moja ilitangaza kwenye televisheni sarafu ya ukumbusho wa majengo ya New York yaliyoangushwa Septemba 2001. Ikaitwa "Freedom Tower Silver Dollar", ikauzwa karibu dola 20. Wakasema ni sarafu iliyoidhinishwa na serikali ya visiwa vya Mariana ya Kaskazini, na fedha yake ilitoka chini ya kifusi. Kumbe visiwa hivyo viko chini ya Marekani, havina mamlaka ya kutoa sarafu, na fedha yenyewe ilikuwa utando mwembamba juu ya madini ya bei rahisi. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York wakati huo, Eliot Spitzer, akaenda mahakamani, na mauzo yakasimamishwa Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 2005 kampuni ikatozwa faini. Mwaonaje? Watu walikuwa na msiba, na msiba wao ukageuzwa bidhaa.

Dini yetu inasema nini

Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) katika soko la Madina. Alipita kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta maji chini. Mwenye mali akasema kilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu watu wakione, na akajitenga na mwenye kudanganya. Angalia, chakula kile hakikuwa cha bandia. Kosa lilikuwa kuficha sehemu ambayo mnunuzi alihitaji kuiona. Muuzaji anayekuonyesha mng'aro akakuficha uzani na bei ya soko, maji yake yako chini ya rundo.

Pia Mtume amekataza najshi, yaani mtu kupandisha bei au kuisifu mali hali hana nia ya kununua, ili mwengine anase. Wale wapiga simu wakiwa wamepangwa, basi ni najshi hiyo hiyo, imevaa suti.

Na liko jambo wengi hawalijui. Vipindi hivi hukuruhusu ulipe kwa mafungu, manne au matano. Kwa sahani au blanketi hakuna neno. Lakini dhahabu na fedha zina hukumu yake: kubadilishana kwake ni mkono kwa mkono. Wanazuoni wengi wa zama hizi, pamoja na baraza la fiqhi la Jeddah, wamesema pesa za karatasi zinafuata hukumu hiyo. Kwa hiyo kununua dhahabu kwa mafungu ni kuingia mlango wa riba. Muulize sheikh wako kabla hujainua simu.

Mizani ya zaka

Mwezi huu wengi tunapiga hesabu ya zaka, na hapo ndipo sarafu inapovuliwa nguo. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, ya fedha ni gramu 595. Mtu mwenye Silver Eagle 20 ana gramu 622, amefikia nisabu ya fedha. Kwa mfano wetu, alilipa dola 1,800. Lakini zaka haiulizi ulilipa ngapi. Inauliza una fedha kiasi gani, na thamani yake ni ngapi leo mwaka ulipotimia: dola 400. Zaka yake ni dola 10. Hizo 1,400 zilizobakia ziko wapi? Alizilipa kwa kasha, hati na maneno. Na mwenye za kuchovywa, akienda kwenye mizani ataona hana dhahabu ya kuzungumzia.

Afadhali mtu alijue hilo akiwa hai, na kabla hajanunua. La sivyo watakuja kulijua mayatima wake siku ya mirathi, wakiipeleka sarafu kwa sonara huku wamekwisha kuipangia karo ya shule.

Simwambii mtu asikusanye sarafu. Anayeipenda historia yake na kujua bei anayolipa, hiyo ni hela yake. Lakini ukiambiwa ni akiba, uliza maswali matatu. Ina gramu ngapi za dhahabu au fedha? Zimetengenezwa ngapi? Na la tatu, ndilo kubwa: nikikurudishia kesho, wewe mwenyewe utaninunulia kwa ngapi? Muuzaji wa kweli atakutajia bei. Akianza tena hadithi, zima televisheni, chukua msahafu wako, usome Suratul Mutaffifin.

Na wewe ndugu yangu mwenye duka, mwenye kibanda, mwenye kuuza simu: maswali haya na uulizwe wewe pia, na uwe na jibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atukubalie saumu na zaka zetu, azitie baraka chumo zetu za halali, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.