Seli Shina na Mtoto wa Mara Ambaye Hajapimwa

Ndugu Mwenyekiti, waganga wakuu wa wilaya, wauguzi na wataalamu wa maabara wa Musoma, Bunda na Butiama,

Nimepewa mada pana: misingi ya tiba ya seli, seli shina na uhandisi wa tishu. Maana zake mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Seli shina hujigawa ikazaa nyingine kama yenyewe, na pia huzaa seli zenye kazi maalumu. Zile za uloto ndizo zinazotengeneza damu. Tiba ya seli ni kumpa mgonjwa seli hai. Uhandisi wa tishu ni kuotesha seli juu ya kiunzi hadi ziwe ngozi au gegedu, nao sitauendeleza leo.

Nchini tumeshaanza. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mtoto hupewa uloto wa ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja, na uwezekano wa kila ndugu kulingana naye kikamilifu ni robo tu. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 inauzwa Marekani dola milioni 2.2.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1956 Dkt. A. C. Allison alichapisha takwimu za damu kutoka hapa Musoma, ambazo bado zinafundishwa vyuoni duniani kote. Kati ya watoto wachanga 287, wenye selimundu walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5. Kama wangekua sawa na wenzao, watu wazima wenye selimundu wangekaribia 20. Wanasayansi walijifunza hapo jinsi malaria inavyowaacha hai waliorithi jeni moja ya selimundu. Mimi naona wale kumi na tano waliokosekana.

Baadaye watafiti wa Hospitali ya Bugando walipima matone makavu ya damu ya watoto wa Kanda ya Ziwa: karibu mmoja kati ya watano amebeba jeni, na zaidi kidogo ya mmoja kwa mia ana ugonjwa.

Kwa miaka mingi watoto hawa wananifikia wamechelewa. Mikono ya mtoto ilivimba akiwa na miezi minane, akapewa dawa ya malaria. Ikavimba tena, malaria tena. Ameongezwa damu mara kadhaa kabla mtu hajauliza kwa nini inaisha. Akifika kwangu ameshapata kiharusi, na uloto wa ndugu yake hauurudishi ubongo ulioumia. Damu alizoongezwa nazo huweza kuufanya mwili ukatae seli za mtu mwingine. Upandikizaji unamfaa aliyegunduliwa mapema, na kwetu kugunduliwa mapema bado ni bahati.

Naomba nieleweke: silaumu kituo chochote, na haya ni maoni yangu, si ya mwajiri wangu. Lakini inauma, maana kipimo cha haraka cha selimundu kinataka tone moja la damu ya kisigino, na mama huondoka kliniki na majibu.

Napendekeza kila mtoto apimwe selimundu anapoletwa chanjo ya wiki ya sita, na majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki. Atakayekutwa na ugonjwa aanze penisilini mara moja hadi miaka mitano. Haidroksiyurea iingie kwenye bajeti ya dawa ya kila halmashauri, mzazi asiifuate Mwanza. Mtoto asiongezwe damu kabla ya kuchukuliwa sampuli ya selimundu. Mwenye mikono iliyovimba apimwe hata kama ana malaria. Ndugu wa kila atakayekutwa na ugonjwa waorodheshwe siku hiyohiyo, na mazungumzo ya rufaa ya Dodoma yaanze kabla ya kiharusi. Mishipa yake ya kichwa ipimwe kuanzia miaka miwili. Narudia, kwa kuwa mengine yote yanategemea hili: wiki ya sita, kila mtoto, kila zahanati. Na taarifa ya kila mwaka ya wilaya ioneshe wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na ugonjwa, na wangapi kati yao wametimiza miaka mitano.